Mwaka mmoja Edinburgh, chuo alichosoma Mwalimu

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Scotland, ina umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. Yani vitabu vilitangulia. Mwaka 1580 mwanasheria mmoja wa pale mjini, Clement Litill, alifariki akaacha vitabu vyake kwa ajili ya mji na kanisa, miaka miwili baadae, 1582, mfalme James wa Sita akatoa hati ya kuanzisha chuo, na 1583 vijana wa kwanza wakaanza masomo. Naanzia hapo mana watu wakisikia umesoma chuo cha miaka zaidi ya 400 wanaomba picha za majengo, na majengo ni mazuri kweli sikatai, lile jengo la zamani la Old College peke yake ukisimama pale uani unaweza kukaa muda mrefu unaangalia tu, lakini kwangu mimi mwaka ule wote ulikua wa vitabu na makaratasi ya zamani na watu niliowakuta ndani yake. Na wengi wao ni watu wetu. Hilo ndo nataka niliseme leo kwa urefu, mana naona vijana wengi wanaenda kwenye hivi vyuo vya zamani wakiwa wamejikunyata kama wageni waliokaribishwa kwa kuhurumiwa, na wanamaliza mwaka wakiwa hivyohivyo.

Kwanza niwaeleze mwaka wenyewe unavyokwenda, kwa wanaojiandaa. Mastazi za Uingereza nyingi ni mwaka mmoja tu, na huo mwaka unakimbia. Pale Edinburgh ni krediti 180, kati ya hizo 120 ni kozi za darasani na 60 ni tasnifu. Semesta ya kwanza inaanza Septemba inaisha Desemba, ya pili inaanza Januari, madarasa yanakwisha kabla hata Aprili haijafika mbali, af kuanzia hapo mpaka Agosti uko peke yako na tasnifu yako na supavaiza mnaonana mara chache. Kwaiyo ukifika Septemba ukasema ngoja nizoee kwanza, ukija kushtuka ni Novemba na insha zinatakiwa.

Vipindi vya darasani ni vichache sana na hii inawachanganya watu. Unaangalia ratiba unaona masaa machache kwa wiki unadhani ni mteremko, kumbe kila semina ina orodha ya kusoma ambayo ukiifanya kwa ukweli inakula siku zako zote. Na mkikaa kwenye semina hakuna anayewasimulia mlichosoma. Mwalimu anauliza swali moja, anakaa kimya. Mnajibizana wenyewe. Unamwita profesa kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo mdomo wangu ulilikataa kwa muda mrefu, nlikua natafuta namna ya kuanza sentensi bila kumwita kabisa, mana nimelelewa kuwa mtu mzima aliyesoma hadi akaota mvi haitwi hivihivi tu. Baadae nlizoea lakini bado naona heshima yetu ina kitu ndani yake na sioni haja ya kuiacha.

Halafu maksi. Hili naliweka wazi mana limewaliza wengi. Kule 70 kwenda juu ndo distinction, yani daraja la juu kabisa, 60 ni merit, daraja linalofuata, na insha yenye 68 ni insha nzuri sana. Mtu umetoka kwenye mfumo ambao 68 nyumbani watakuuliza ulikua unaumwa, unaiona ile namba unaishiwa nguvu. Soma maoni yaliyoandikwa chini. Kwenye maoni ndo kuna masomo yenyewe. Kwenye insha zangu za mwanzo walikua wanarudia kitu kilekile, kwamba nimeeleza vizuri walichosema wengine ila mimi mwenyewe nasema nini? Kila mara. Nami nlikua nimefundishwa maisha yangu yote kwamba mwanafunzi mzuri ni yule anayeeleza vizuri walichosema wengine. Kubadilika hapo kulichukua semesta nzima.

Mambo ya makaratasi kwa ufupi. Anayetoka Tanzania lazima apime TB kabla ya kuomba viza ya zaidi ya miezi sita. Kuna ada ya afya, kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, inalipwa yote kwa mkupuo unapoomba viza, ukishalipa unatibiwa NHS, yani huduma ya afya ya umma ya kule, kama mkazi mwingine, na Scotland ina faida moja kubwa, dawa za kuandikiwa na daktari ni bure tangu 2011, England wanalipia. Jisajili kwa daktari wiki ya kwanza usisubiri uumwe. Kazi unaruhusiwa masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Kodi ya halmashauri mwanafunzi wa muda wote halipi ila lazima upeleke uthibitisho. Nyumba za kupanga nje ya chuo wengi wanataka mdhamini anayeishi Uingereza, na usipokua naye wanataka kodi ya miezi mingi kwa pamoja, kwaiyo kama chuo kinakupa chumba chukua. Dipoziti sheria ya Scotland inataka mwenye nyumba aiweke kwenye mfuko maalum ulioidhinishwa, asikae nayo mfukoni, na isizidi kodi ya miezi miwili. Mtu akikwambia tofauti muulize iko mfuko gani.

Na familia. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa mastazi ya kawaida haruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto, imebaki kwa wa PhD na mastazi za utafiti. Tulikua na dada mmoja kwenye kozi, ana mtoto mdogo kamwacha kwa mama yake, kila siku ikifika saa moja jioni alikua anatoka nje ya maktaba na simu, baridi hiyo, anaongea na mtoto mpaka alale. Nawaambia kina dada mnaoomba mwaka huu, kaeni na wazazi na waume zenu mlizungumze hili mapema kabisa kabla ya kushika fomu, mana mwaka mmoja kwenye karatasi na mwaka mmoja wa mtoto anayeota meno haufanani.

Giza nalo linataka maandalizi. Desemba jua linatoka kwenye saa mbili na dakika arobaini asubuhi, saa tisa na dakika arobaini mchana limeshazama. Kwa anayeswali hii ni shule nyingine, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya masaa machache kiasi kwamba ukiingia kwenye lekcha ya mchana lazima uwe umeshapanga utatokaje. Mungu saidia Msikiti Mkuu upo Potterrow, ni kutembea kidogo tu kutoka George Square ambako ndo kuna madarasa na maktaba kuu. Juni inageuka, saa nne usiku bado kuna mwanga, isha inachelewa na alfajiri inawahi, usingizi unagawanyika vipande. Serikali yenyewe ya kule inawashauri watu wameze vitamini D miezi ya baridi. Meza. Na nunua koti zuri kulekule, sio hapa, upepo wa Edinburgh unavuka sweta kirahisi na mwamvuli hauna kazi kabisa.

Sasa nirudi kwa watu.

Mwalimu Nyerere alifika Edinburgh 1949, akamaliza 1952 na shahada ya M.A. Wengi wanadhani ile ilikua shahada ya pili, lakini Scotland tangu zamani M.A. ni shahada ya kwanza ya sanaa. Alisoma uchumi, historia, falsafa ya maadili, anthropolojia, vitu mbalimbali, na mwenyewe alikuja kusema kwamba falsafa yake ya siasa ilijengeka akiwa pale. Fikiria hilo. Tanganyika bado iko chini ya Waingereza, huyu bwana anatembea kwenye mvua ileile, anaingia maktaba, anasoma wanafalsafa wao, anachukua kinachomfaa na anaacha kisichomfaa, na miaka michache tu baadae, 1954, TANU inazaliwa. Nlipokua nachoka nlikua namfikiria pale, kijana wa Butiama na koti lake, hana wa kumpigia simu ya video.

Lakini Mwalimu hakua wa kwanza. James Africanus Horton kutoka Sierra Leone alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1859. Alikuja kuandika vitabu vya kuwapinga waliokua wanasema Mwafrika hana akili ya kujitawala, miaka karibu 100 kabla ya uhuru wetu. Hastings Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, naye alisomea udaktari mjini hapo na kumaliza 1941. Na kuna huyu ambaye mimi nampenda kuliko wote, John Edmonstone, alizaliwa utumwani Guyana, akapata uhuru wake, akaishi Edinburgh akifanya kazi ya kukausha ndege na wanyama kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 1826 kijana mmoja wa udaktari aliyekua anaboreka na lekcha zake akaenda kumlipa amfundishe hiyo kazi. Kijana ni Charles Darwin. Ujuzi wa kuhifadhi ndege aliokwenda nao safari yake kubwa ya meli alifundishwa na mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, kwenye nyumba za karibu na chuo. Mimi hili darasani nyumbani sikuwahi kulisikia, Darwin tulimsoma sana tu.

Wanawake nao walipigania mlango. Sophia Jex-Blake na wenzake sita walianza kusomea udaktari pale 1869, Novemba 1870 kundi la wanaume likawazuia wasiingie kwenye mtihani, wakawarushia matope, na mwisho chuo kikawanyima digrii. Walikuja kupewa digrii za heshima 2019. Wote wameshakufa. Nlisoma habari yao nikiwa nimekaa kwenye darasa ambalo zaidi ya nusu yetu ni wanawake na sikuweza kuendelea na kurasa nyingine siku ile.

Na kuna upande mchungu ambao haufichwi tena kama zamani. Pale George Square kuna ghorofa refu lililokua na jina la David Hume, mwanafalsafa mkubwa wa Scotland aliyesoma chuo hichohicho. Hume kwenye tanbihi ya insha yake moja aliandika kwamba anashuku watu weusi ni duni kwa maumbile kuliko weupe. Mwaka 2020 jina likaondolewa, sa hivi linaitwa 40 George Square tu. Tulilijadili kwenye semina na watu walikasirikiana kweli, wengine wanasema ni kufuta historia, wengine wanasema jengo sio kitabu cha historia. Mimi nlisema na bado nasema: Hume asomwe, na asomwe na ile tanbihi yake, lakini mtoto wangu asilazimike kuingia kwenye mtihani akipita chini ya jina lake. Kuna kijana wa palepale Scotland alinipinga kwa hoja nzuri sana, tukatoka tukaenda kunywa chai tukiendelea kubishana, na mpaka leo ni rafiki yangu. Julai 2025 chuo kikatoa ripoti ndefu kuhusu uhusiano wake na utumwa na ukoloni, fedha zilikotoka, na nadharia za ubaguzi zilizofundishwa na maprofesa wake. Nimeisoma. Ni kazi nzito na nawaheshimu waliothubutu kuiandika wakiwa ndani.

Tasnifu yangu ilianzia barabarani. Princes Street, karibu na ule mnara mkubwa wa Walter Scott, kuna sanamu ya David Livingstone, ilitengenezwa na Amelia Hill na kuzinduliwa 1876. Kasimama peke yake. Mimi nimekua nikisikia habari za wapagazi, kwaiyo nikajiuliza wako wapi waliombeba? Livingstone alifariki 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, sasa ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, mmoja wao, Jacob Wainwright, akasoma ibada, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi karibu tisa. Njiani wanaumwa, wanakufa, wanapita kwenye vijiji ambako maiti hairuhusiwi. Hakuna aliyewalazimisha. Wangeweza kumzika palepale wakarudi makwao.

Wainwright alikwenda mpaka mazishini London, wenzake wawili wa msafara, Abdullah Susi na James Chuma, wakafika Uingereza baadae mwaka uleule, wakakaa na mhariri Horace Waller wakimsaidia kuziweka sawa shajara za mwisho za Livingstone. Yani kile kitabu kilichotoka humo, ambacho kimetumiwa na kila mwanahistoria kimepita kwenye kumbukumbu za hawa wawili, njia gani, mto gani, nani alisema nini. Baadae Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha Uingereza, ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya msafara mzima.

Maktaba ya Taifa ya Scotland iko George IV Bridge, dakika chache kutoka chuoni, na ina barua na shajara nyingi sana za Livingstone. Kusoma ni bure, unajiandikisha tu na kitambulisho. Kiangazi chote nlikua pale. Unaingia na penseli, kalamu ya wino haikubaliki, begi linabaki nje, unaletewa kasha, unafungua taratibu. Mwandiko wake mdogo, mistari imebanana. Na mimi sikua namsoma yeye, nlikua nawasoma waliopita pembeni mwa sentensi zake. Huyu kaenda kutafuta chakula. Huyu kagombana. Halima mpishi. Ntaoeka mke wa Chuma. Unasoma kurasa na kurasa halafu jina moja linatokea mara moja halirudi tena, na unaliandika pembeni kwa sababu unajua ukiliacha hapo hakuna mtu mwingine ambaye atakuja leo kulitafuta.

Supavaiza wangu alipoona rasimu ya kwanza aliniambia sura ya tatu ndo tasnifu, zilizobaki ni utangulizi. Sura ya tatu ilikua ya wanawake wa msafara. Nikaanza upya, Julai, na Agosti mji unajaa watu wa tamasha la Fringe mpaka huwezi kupita barabarani, muziki kila kona, mimi natoka maktaba usiku bado napanga aya kichwani. Nlikua na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kusoma. Nasema ukweli.

Mahafali ya mastazi yanakuja majira ya baridi, kwenye McEwan Hall, lile jumba la umbo la nusu duara lililofunguliwa 1897. Viza inabakiza miezi kama minne baada ya kozi kwaiyo anayeweza kusubiri asubiri. Unaitwa, unapanda, wanakugusa kichwani na kofia ya zamani wanayodai imeshonwa kwa suruali ya John Knox, mhubiri maarufu wa zamani wa Scotland, hadithi tu lakini kila mtu anaisimulia. Mama aliangalia kwa intaneti na majirani sebuleni, na nlipopita nliambiwa vigelegele vilisikika mpaka mtaa wa pili.

Sa hivi naiandika upya ile sura ya tatu kwa Kiswahili, na safari hii Halima na Ntaoeka ndo mwanzo. Kuna mapengo mengi ambayo makasha ya Edinburgh hayawezi kuyajaza. Kama kwenu kuna mzee anayesimulia habari za babu zake waliobeba mizigo njia ya Bagamoyo mpaka Ujiji, tafadhali kaa naye, muulize majina, muulize na majina ya wake zao, yarekodi hata kwa simu, halafu niandikie.